Mwanya wa Bibi wa Kikoneni

Kazi yangu katika chuo cha meno ni kulalamikiwa. Nilikuwa muuguzi Msambweni kwa miaka mingi, na nilipostaafu nikaambiwa kuna chuo karibu na Ukunda kinachotafuta mtu mzima wa kuwasikiliza wagonjwa wanaoinuka vitini wamenuna. Wagonjwa wetu hutibiwa na wanafunzi, walimu wakiwa wamesimama nyuma yao, kwa hiyo matibabu ni nafuu, kazi ni ya polepole, na manung'uniko hayaishi. Huyu kachomwa sindano mara mbili, huyu kangojeshwa mpaka adhuhuri ikampita, huyu anaapa kwamba ameng'olewa jino zima akaachiwa bovu. Nimepewa chumba chenye viti viwili na feni inayolalamika kuliko wote.

Mimi si mtu wa subira, mume wangu atawaambia. Lakini ndani ya chumba kile nina desturi moja nisiyoivunja: simuulizi mtu habari za jino kabla sijamuuliza habari za nyumbani. Wanafunzi wetu, wengi wao wa kutoka bara, huona ninapoteza wakati. Wao humuuliza mtu "Shida ni nini?" kabla hajakaa vizuri, kama askari wa barabarani. Huku kwetu mtu akiulizwa hivyo hujibu kwamba hana shida, kisha hurudi nayo nyumbani.

Bibi mmoja wa Kikoneni alikuwa mgonjwa wa binti wa mwaka wa mwisho, binti wa bara, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Meno ya juu ya bibi yalikuwa yamelegea yote. Yaling'olewa, fizi zikapona, na binti akamtengenezea meno ya bandia. Nitasema kweli, yalikuwa meno mazuri. Yalikuwa meupe kwa kiasi, yameshikana, yamenyooka, na mwalimu aliyasifu mbele ya darasa zima.

Siku chache baadaye bibi akarudi nayo, ameyafunga kwenye pindo la leso. Akasema yanauma. Binti akamtazama fizi asione kidonda, akayapunguza kidogo pembeni. Bibi akashukuru, akamwombea dua ndefu, akaenda zake. Wiki iliyofuata huyo tena, na meno kwenye pindo. Ndipo waliponijia, bibi mbele, binti nyuma amevimba kwa hasira.

"Madam, huyu shosho hana kidonda," akasema. "Nimecheki kila mahali. Meno yako sawa kabisa. Na hii ndiyo kazi yangu ya mtihani!"

"Kwanza, huku hatuna shosho, tuna bibi," nikamwambia. "Pili, nenda katuletee chai."

Nikampa bibi kiti, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba. Nikamuuliza habari za Kikoneni, za watoto, za mahindi, za mbuzi. Zote njema, alhamdulillahi. Binti alirudi na chai akasimama mlangoni, akitazama saa yake. Nikauliza, "Na mzee je, hajambo?"

Bibi akaitazama chai yake. "Hajambo," akasema. "Ila kila jioni huniuliza mimi nitarudi lini."

Sikuelewa, nikamwambia sikuelewa. Akavuta leso begani, akatueleza taratibu, kwa aibu ya mtu asiyezoea kutaja mambo ya mumewe mbele ya watoto.

"Mzee wangu amepotewa na kumbukumbu, mwanangu. Alianza kusahau njia ya shambani. Kisha akawasahau watoto, mmoja mmoja. Mimi hakunisahau. Nikicheka tu, hunionyesha kwa watu, husema, 'Huyu mwenye mwanya ni wangu.' Basi meno yalipotoka nikawa najifunika, sicheki, naye akawa anazunguka nyumba ananitafuta. Nikasema, ngoja nikatie meno. Nikarudi nayo, nikamchekea. Akainuka, akanipa kiti chake. Akaniambia, 'Karibu mama. Mwenye nyumba ametoka, atarudi sasa hivi.'"

Mimi nina mume mwenye akili zake timamu ambaye hajaona bado kwamba nimebadilisha miwani.

Binti ndiye aliyesema kwanza, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Alisema aliuona ule uwazi kati ya meno mawili ya mbele kabla hayajang'olewa. Alidhani ni ugonjwa wa fizi ndio ulioyatenganisha, kama ulivyoyatenganisha mengine. Kwa hiyo aliuziba. Alikuwa ameuziba vizuri sana, kwa mapenzi kabisa.

"Lakini nilikupa kioo," akamwambia bibi. "Siku ile ya kujaribu, kabla hatujayamaliza. Nilikuuliza, ni sawa? Ukaniambia alhamdulillahi!"

Hapo mimi nilitaka kucheka na kulia pamoja. "Mwanangu," nikamwambia, "huku pwani mtu huvunjika mguu akasema alhamdulillahi."

Bibi akamshika binti mkono. "Siku zote zile umeniinamia, mgongo umekupinda kwa ajili yangu," akasema. "Na mwalimu wako amesimama pale. Nikutie aibu mbele yake? Nikaona heri niseme yanauma."

Binti akakaa chini, sakafuni, maana viti vyangu ni viwili tu. Nilidhani analia kwa ajili ya bibi, na huenda ilikuwa hivyo, lakini aliponong'ona alisema, "Nikiweka gap, mwalimu atanifelisha." Sikumlaumu. Kwao kulikuwa na watu waliokuwa wakimngoja amalize.

Nikaenda kwa mwalimu mwenyewe, na sikwenda kwa upole. Alinieleza kwa adabu kwamba uwazi wa aina ile ni kasoro, na mwanafunzi hawezi kupasishwa kwa kutengeneza kasoro. Nikamuuliza, kasoro ya nani? Mama yangu alikuwa na mwanya, na alipoolewa waliuimba arusi nzima. Akasema hilo si jambo la kitaalamu. Nikamwambia aje basi amwambie mgonjwa hivyo kwa kinywa chake mwenyewe, nami nitakuwepo.

Akaja. Bibi akamweleza yale yale, safari hii kwa maneno machache zaidi. Mwalimu akayachukua yale meno mazuri, akayageuza mkononi. Kisha akamwambia binti, "Mtengenezee mwanya. Na nitaukagua kama nilivyokagua mengine, kwa hiyo usiufanye ovyo." Nilimpenda siku ile, ingawa sikumwambia.

Ikabaki swali la upana. Picha ya bibi ilikuwa moja tu, ya kitambulisho, na kwenye kitambulisho hakuna anayecheka. Watoto wake wote walichukua meno ya baba yao. Binti akauliza hivi na vile, mpaka bibi akainamisha uso, akasema kwamba alipokuwa msichana njiti ya kiberiti ilikuwa ikipita, na kwamba kuna mtu aliyewahi kuijaribisha. Hatukuuliza ni nani. Binti alikwenda jikoni kuazima kiberiti.

Siku ya kujaribu tena, meno yakiwa yamepangwa kwenye nta, binti alimpa bibi kioo, kisha akatoka nje na kumchukua mwalimu wake pamoja naye. Tukabaki wawili, mimi na bibi. Akajitazama sana. "Mwanya bado mwembamba," akasema mwishowe. Nikapiga makofi.

Siku ya kuyachukua, mwanawe wa kike alimleta na mzee, kwa kuwa hakukuwa na wa kumwachia. Alikuwa mzee mrefu, msafi, kofia yake imeoshwa ikanyooshwa. Tulimketisha kwenye benchi la wagonjwa. Alituamkia sote vizuri, akamuuliza mwanawe yeye ni mtoto wa nani, akaridhika na jibu, kisha akauliza tena.

Bibi akatoka na meno yake mapya. Alikuwa amejifunika mdomo kwa leso. Binti alisimama kando ya mlango amejishika mashavu. Bibi akakaa mwisho wa benchi, akashusha leso, akamchekea mumewe.

Mzee alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, na uso wake haukuonyesha kwamba anamjua. Nikasema moyoni, basi, tumechelewa. Kisha akaivua kofia, akaiweka sawa kichwani, akajisogeza kidogo, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka wengine wasikie:

"Wewe binti ni wa nani?"

Bibi akamtajia jina la baba yake, marehemu wa siku nyingi.

"Namjua," mzee akasema. "Mtu mkali." Akafikiri. "Umeshaposwa?"

Sikuwahi kumwona mwanamke wa umri ule akiona haya namna ile. Alitazama chini, akakunja pindo la leso kidoleni, akalikunjua. "Bado," akasema.

"Basi usikubali mtu. Nitatuma wazee kwenu."

"Wakija watanikuta."

Binti alikimbilia ndani, nikamsikia akipenga kamasi kwenye beseni. Mimi nilibaki pale pale na machozi yangu, sikuyaficha.

Walipoinuka kwenda kupanda tuktuk, bibi alimnyooshea mzee mkono ili amshike, kwa kuwa pana ngazi. Mzee akaurudisha mkono wake nyuma. Akamwambia hapana, bado hawajaoana, watu watasema nini. Akataka mwanawe apite katikati yao, na ndivyo walivyoteremka, mzee upande huu akichungulia, bibi upande ule akicheka waziwazi mpaka barabarani.