Sahani ya Shangazi

Juzi, harusini Madungu, niliwaona wazee wawili waliopokezana ubunge wa jimbo letu wakila sinia moja na kucheka. Jimbo lenyewe halipo tena, limeunganishwa na la jirani.

Enzi zao, baba alikuwa mfuasi wa mmoja, na dada yake, Shangazi Mize, wa mwenzake. Waliacha hata kusalimiana. Mimi, mtoto bado, nilidhani waheshimiwa hao ni jamaa zetu waliogombania urithi.

Alasiri moja baba akanipa sahani ya bokoboko la ngano na nyama, imefunikwa kawa, linanukia samli. "Mpelekee shangazi yako."

Shangazi alifunua kawa, akacheka huku machozi yanamtoka. "Mwambie baba yako mheshimiwa wake mwongo, ila bokoboko kaliweza!" Akaiosha sahani, akaijaza visheti vya moto vyenye harufu ya iliki.

Nilidhani ni zawadi yangu ya kutumwa. Nikavila vyote njiani, nikalamba na vidole.

Baba alikuwa akinisubiri barazani. "Kairudisha tupu?"

"Ndiyo."

"Hakusema kitu?"

Niliogopa kumtukania mheshimiwa wake. "Hakusema."

Sikujua bado kwamba kwetu sahani ya jamaa hairudishwi tupu, ila na aliyekata undugu. Baba aliishika muda mrefu. "Haya basi," akasema, akaingia ndani.

Shangazi alizikwa baba hayupo.

Chuo kikuu kilinifundisha kuhoji kila kitu, hata nani anafaidika na mipaka ya majimbo. Nikirudi nyumbani nawalaumu wanasiasa mbele ya baba, kwa sauti kubwa. Visheti sijavitaja mpaka leo.