Mama Sikujua Anapanda Mwinuko wa Lubunga

Miaka ishirini na sita Mama Sikujua alikausha samaki kwa moshi, hapa Kisangani, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Samaki wake walifika mpaka Opala. Moshi nao ulifika mpaka ndani ya mapafu. Daktari hakumficha: ugonjwa huu hauponi, ila mtu anaweza kuishi nao. Jiko likafungwa, akabaki na kikohozi na pumzi fupi.

Sasa sikilizeni. Binti yake Rachida, aliyeolewa Lubunga, ng'ambo ya pili ya mto, akapata mimba ya kwanza. Kwao, mtoto akipewa jina siku ya saba, bibi mzaa mama ndiye anayemtoa nje mikononi mwake. Kuvuka mto si kazi, pirogi zina mota. Kazi ni ule mwinuko kutoka majini mpaka barabarani. Mara ya mwisho Mama Sikujua alikaa chini katikati, midomo ikambadilika rangi, na tangu hapo mwaka mzima hakuvuka.

Mkwe wake, Issa, akapata wazo la mkokoteni. "Mama, nitaleta pusipusi. Weye unakaa tu, sisi tunasukuma."

"Nifike kwa mujukuu yangu kama gunia ya makaa? Hapana, papa."

Ilibaki miezi miwili Rachida ajifungue. Akaenda hospitalini kwa Josué, kijana anayefundisha wagonjwa mazoezi.

"Mama, unapumua mbio mbio," Josué akamwambia. "Hewa ya zamani inabaki ndani. Ile mupya itaingia wapi? Bon. Ingiza kwa pua, hatua mbili. Kunja midomo, toa polepole, hatua ine. Si kupuliza kama unawasha moto!"

"Na nikichoka?"

"Simama mbele ya kuchoka, mama. Usingoje."

Akafanya mazoezi kila asubuhi, kutoka mlangoni mpaka msikitini, kisha mpaka sokoni. Jirani yake Malika akimwona na midomo imekunjwa, anacheka: "Yaya, nani huyo unamutumia busu?"

"Mapafu yangu. Iko na wivu sana."

Rachida akajifungua salama, mtoto wa kike. Siku ya saba ikafika. Malika alimsindikiza, na Issa akawapokea chini kwenye maji. Pusipusi alikuja nayo vilevile, akaificha nyuma ya magunia. Mama Sikujua aliiona, akaipita.

Akaanza kupanda. Mbili, nne. Mbili, nne. Vizuri kabisa.

Halafu watu wakamtambua. "Mama Sikujua! Salama? Watoto? Nyumba? Wa kule ng'ambo?" Ninyi mnatujua: salamu haiachwi barabarani. Akajibu yote. Akaja wa pili, akajibu. Wa tatu, wa nne. Robo ya njia, kifua kikambana, na Issa akageuka kuangalia magunia.

Mama Sikujua akasimama. Akaegemea ukuta kwa mikono miwili, akakunja midomo, akatoa hewa taratibu mpaka mabega yakashuka. Hapo ndipo alipoelewa: pumzi zote alizozifanyia kazi miezi miwili alikuwa anazigawa kwa salamu.

"Malika," akasema, "weye utajibu. Kinywa yangu iko kazini."

Wakaendelea. Malika mbele, sauti juu: "Salama! Watoto salama! Nyumba salama! Musimuongeleshe, anapanda!"

"Alaa!" akasema mwendesha toleka mmoja juu ya baiskeli yake. "Mama iko na musemaji sasa, kama gavana!"

Mama Sikujua akacheka, na kicheko kikamlipisha kituo kingine. Akasimama, akapumua, akaendelea. Mbili, nne. Alisimama mara sita, kila mara kabla ya kuchoka. Ya saba haikuhitajika, maana miguu ilikuwa imeshakanyaga barabara.

Issa akakaa juu ya jiwe, akapangusa uso. "Mama, alors, miye ndiye nimechoka."

Nyumbani, Rachida alimshika mama yake mikono yote miwili. Kwa siku saba alikuwa analala jicho moja wazi, akihofu mwinuko ule kuliko uchungu wa uzazi. Mama Sikujua akapumzika kidogo, akanawa, akampokea mtoto. Kutoka chumbani mpaka uani ni hatua kumi na tatu. Alizitembea polepole, mtoto kifuani, watu wakimngoja, na hakusimama hata mara moja.

Jina liliposomwa, Rachida alikuwa ameshalala fofofo.