Mgeni wa Ziwa Masoko, Sehemu ya Pili

Fundi aliyekuwa anabandua mabati ya zamani kwenye nyumba ya mama, huko Masukulu, ndiye aliyeiona. Alichungulia kutoka juu akasema kuna bahasha huku darini, haijafunguliwa, na stempu yake ipo. Mama akanyoosha mkono aipokee. Nilimuwahi. Mtu mzima mimi, mwenye mjukuu, nilimpokonya mama yangu bahasha na kuitia kifuani kama mtoto aliyeiba sukari.

Mama akauliza ni ya nani. Nikamwambia ni makaratasi ya shule. Ndiyo, nilidanganya. Ulikuwa uongo wa pili juu ya bahasha ile ile, na kati ya uongo huo na ule wa kwanza nilikuwa nimeolewa, nimezaa na nimezeeka.

Sijui wewe ulikuwa wapi enzi zile za ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa mlango, msomaji wangu. Sisi huku Rungwe tulizipokea kwa macho na pua. Duka la senta, lililokuwa limezoea kuuza chumvi na kiberiti tu, lilianza kunukia sabuni za maua. Mitumba ikaja, tukavaa makoti ya watu wasiojulikana, na baridi ya Tukuyu ikapata kiboko chake. Halafu yakaja majarida. Magazeti tuliyoyazoea yalikuwa ya hotuba na mbolea. Haya yalikuwa na picha za rangi: wanawake wenye mikia ya samaki, watu wa chuma wanaotoa machozi, vyombo vya angani vilivyotua juu ya nyumba za makuti. Lile tulilolipenda lilikuwa la hadithi tupu, za majini na za safari za kwenye nyota, na kila moja ilikatwa pale pale penye utamu na kuandikwa "itaendelea".

Nakala moja tu ya kila toleo ndiyo iliyofika kwetu. Ililetwa na basi la kutoka Mbeya, na mwenye nayo alikuwa fundi redio wa pale senta. Fundi huyo alikuwa na binti wa rika langu, tukisoma darasa moja. Basi hapo ndipo wivu wangu ulipoanzia. Yeye alilisoma jarida jipya likingali linanuka wino, akiwa amekaa kwenye kigoda baina ya maredio yaliyofunguliwa matumbo, wakati mimi nangoja zamu yangu na ndoo ya maji kichwani.

Lakini mimi nilikuwa na changu. Nilikuwa na sauti.

Siku za kuchuma chai, wanawake walikusanyika bandani, pale penye mizani, wakingoja lori la kiwanda lije kuchukua majani. Lori lile halikuwa na saa. Mvua ikinyesha, na kwetu mvua hainyeshi kwa kuomba ruhusa, lilikwama kwenye utelezi na watu wakangoja mpaka matumbo yanaunguruma. Wengine walimenya magimbi ya kuchemsha, wengine walikunywa chai ya maziwa kwenye vikombe vya bati, na mimi nilisimama juu ya tenga lililofudikizwa nikawasomea jarida. Wengi wao walikuwa hawasomi, au walisoma kwa kuburuta. Nikisoma mimi, banda zima lilinyamaza. Nilibadilisha sauti, jini na yake, binti mfalme na yake. Bibi yangu, aliyejua Kiswahili cha kanisani tu, alikuwa hafuati nusu ya maneno lakini alikaa mbele na kuitikia, na mwisho alisema "ndaga fijo", asante sana, kama kwamba nimempa chakula.

Nami nilitaka kuandika. Nilikuwa nimepeleka hadithi tatu kwa mhariri, zote za majini wa Dar es Salaam, mji ambao sikuwahi kuuona. Hakujibu hata moja.

Sasa nikueleze kisa cha mama, maana bila hicho hutaelewa kilichoniuma. Kwa mila zetu, mwanamke haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona kwa mbali anaacha njia, anajifunika, anageuza mgongo, wala hasemi naye neno. Mama aliolewa akaushika mwiko huo barabara. Siku moja alikuwa anatoka kisimani, akasikia pikipiki, na alipoinua macho akaona mzee amesimama njiani, koti refu, kichwani kitu cheupe kinachong'aa. Hakungoja kuhakikisha. Alitupa ndoo, akajirusha kwenye mtaro, akajifunika khanga gubigubi. Kumbe ni bwana shamba mgeni, amevaa helmeti, na alikuwa amepotea njia. Maskini alishuka akamfuata kwa upole kuuliza, "Samahani mama, njia ya Masoko ni ipi?" Kila alipokaribia, mama alizidi kutambaa migombani kinyumenyume. Bwana shamba aliondoka akisimulia kwamba wanawake wa Masukulu wana kichaa.

Nyumbani tulikicheka kisa hicho mwaka mzima. Nami, kwa mdomo wangu, nilimsimulia binti wa fundi redio tukiwa tunachuma chai, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Hakucheka kama nilivyotarajia. Aliuliza tu helmeti ilikuwa na rangi gani.

Miezi ikapita. Siku moja yule binti akanifuata bandani mwenyewe, hana hata kawaida ya kupanda kule mvua ikinyesha, akanipa jarida na kunionyesha ukurasa. "Mgeni wa Ziwa Masoko, sehemu ya kwanza." Chini yake jina lake, na jina la baba yake.

Wanawake walikuwa wanangoja. Nifanye nini? Nilipanda juu ya tenga nikasoma. Chombo kimetoka kwenye nyota kikatumbukia usiku katika ziwa letu, lile lile tulilokatazwa kuogelea. Asubuhi akatoka mtu, ndevu za mvi, kichwani ana kibuyu kinachong'aa. Amepotea. Mtu wa kwanza kukutana naye njiani ni mwanamke anayetoka kisimani. Na yule mwanamke, akidhani ni baba mkwe wake, anatupa ndoo na kugeuza mgongo. Mgeni akanyoosha mkono amuulize njia. Itaendelea.

Banda lililipuka. Walicheka mpaka wakashikana mabega, kisha wakaanza kubishana kwa dhati kabisa: mtu wa nyota anahesabiwa mkwe au hahesabiwi? Mmoja akasema mgeni njoo mwenyeji apone, huyo angeelekezwa njia na mambo yaishe. Mwingine akasema mwiko ni mwiko, hata akishuka malaika mwenye ndevu. Bibi akataka kujua nani ametunga. Walimnyooshea kidole yule binti, naye akainamisha kichwa kwa haya, na bibi yangu mimi, bibi mzaa baba, akainuka akaenda kumshika mikono yote miwili.

Hakuna aliyenitazama. Mama yangu, njia yetu, ndoo yetu, halafu jina lake yeye. Na nitasema kweli, maana nimechoka kuificha: kilichoniuma zaidi ni kwamba ilikuwa nzuri. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi nilikuwa nahangaika na majini wa Dar es Salaam wakati hadithi imelala mtaroni nyumbani kwetu.

Baada ya siku chache akaniletea bahasha. Mhariri alikuwa amemwandikia apeleke sehemu ya pili upesi. Mimi kila Jumamosi nilipeleka maziwa kwa shangazi yangu aliyekaa Bulyaga, mjini Tukuyu, na posta ilikuwa njiani. Akanipa bahasha imefungwa na stempu imebandikwa, akasema, "Wewe ndiye ninayekuamini. Usiipeleke ikalowa."

Haikulowa. Niliiweka darini, kati ya ubao na bati, nikamwambia nimeitumbukiza kwenye sanduku la posta kwa mkono wangu.

Sikuifungua. Niliogopa kwamba itakuwa nzuri kuliko ile ya kwanza.

Basi lilikuja na jarida jipya, sehemu ya pili haimo. Likaja jingine, haimo. Alikuwa anasimama pale senta kabla basi halijafika, halafu baadaye akawa anamtuma mdogo wake, halafu hata huyo hakumtuma tena. Bandani wanawake waliniuliza, "Yule mgeni aliishia wapi?" Nikajibu kwamba labda wenye jarida wameona haifai. Nilisema hivyo mara nyingi mpaka maneno yakamfikia. Hakuandika tena. Nilimwona siku moja anafunikia chungu cha ndizi kwa karatasi za daftari lake la hadithi. Jarida lenyewe nalo likaacha kuja, sijui lilifia wapi, na sisi tukamaliza shule tukatawanyika. Mimi nilikwenda mbali. Yeye aliolewa ng'ambo ya kijito, hatua chache tu kutoka kwa mama.

Huko ndiko nilikokwenda siku ile bahasha ilipoonekana, fundi wa mabati angali juu ya paa. Nilimkuta barazani anapukuchua maharage, nyuma yake miparachichi imepandwa pale palipokuwa na chai. Tukasalimiana, ugonile, akanivutia kigoda. Niliitoa bahasha nikaiweka juu ya maharage, nikamweleza yote. Sikupunguza kitu.

Aliitazama stempu muda mrefu.

"Kwa hiyo hawakuikataa," alisema.

"Hawakuiona."

Alipukuchua ganda moja, la pili, la tatu. Nilitamani anitukane. Halafu akauliza kama niliisoma. Nikasema hapana, sijawahi.

"Basi soma. Kwa sauti, kama pale bandani."

Niliifungua. Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai, lakini wino wa buluu ulisomeka. Nikaanza. Mgeni amenyoosha mkono, mwanamke amempa mgongo, hawezi kumjibu na hawezi kumwacha apotee. Hapo anatokea msichana aliyebeba maziwa. Anasimama katikati yao. Mgeni anamwambia msichana, msichana anamwambia mwanamke. Mwanamke anamwambia msichana, msichana anamwambia mgeni. Msichana ana sauti nzuri, hata migomba inatulia kumsikiliza. Mwishowe mgeni anaijua njia ya ziwani, na kabla hajaondoka anamuuliza msichana jina lake.

Jina lililoandikwa pale lilikuwa langu. Langu na la baba yangu.

Niliishusha karatasi. Yeye hakuinua macho kwenye maharage.

"Nilijua wewe ndiye utakayesoma," akasema. "Nilitaka ulifikie hapo, watu wote wamekaa, bibi yako yuko mbele. Nilikuwa nawaza utafanya sura gani."

Akaniambia niendelee, hadithi haijaisha. Nikaendelea. Na unajua, hata pale, machozi yananitiririka, kijicho kilikuwa kimekaa palepale moyoni, maana aliandika vizuri mno, na alikuwa na miaka kumi na minne.

Banda halipo siku hizi, mizani ilikwishang'olewa. Bibi amelala kwenye kaburi lake nyuma ya nyumba yetu, na wale wanawake karibu wote nao wamelala, huyu Masoko, yule palepale Masukulu. Waliondoka wakibishana kama mtu wa nyota anahesabiwa mkwe. Jibu lilikuwa darini kwetu.