Mwasumini uliovaa kanga

Kumepambazuka Ibra, nchini Oman, na Mwanaheri Jamaldini anamvua nguo mgonjwa wake.

Anafungua fundo la kwanza, la pili, halafu anaizungusha kanga pole pole asije akavunja tawi. Chini ya ile kanga kuna nyingine, nayo anaivua na kuitupia begani. Mbele yake, ukiegemea ukuta wa bustani, unabaki mwasumini wenye upande mmoja wa majani na upande mmoja wa fito tupu.

Anainama, anaangalia vikonyo kimoja kimoja. Nyumba imenyamaza, wenyewe wamekula daku na kurudi kulala. Ni kumi la mwisho la Ramadhani, na ubaridi wa asubuhi bado unamfanya mtu avute mtandio.

Dirisha la chumba cha chini linafunguka. "Vipi?" inauliza sauti ya kizee.

"Bado, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Haya."

Dirisha linafungwa. Mazungumzo hayo yamerudiwa kila asubuhi tangu Januari, na Mwanaheri anasema ile "haya" inamchoma kuliko tusi. "Angenigombeza ningelala," anasema. "Mtu akikugombeza mambo yamekwisha. Yeye ananiambia haya."

Mwenye dirisha ni Bi Ghaniya, mwenye nyumba, mwanamke wa miaka sabini na tisa aliyezaliwa mjini Unguja na kuondoka akiwa msichana wa miaka kumi na saba. Ameishi Oman zaidi ya nusu karne, lakini Kiswahili chake hakijahama mtaa. Kila Idi wanawake wa ukoo wake humiminika nyumbani kwake kutoka Sur na Nizwa, naye humtungia kila mmoja kikuba: asumini, mrehani na kipande cha waridi, vifungwe kwa uzi na kubanwa kifuani kwa pini. Asumini ni za mti huu. Idi iko mlangoni, na mti haujatoa hata ua moja.

Na aliyeufikisha mti hapo ni Mwanaheri mwenyewe.

Mwanaheri ana miaka thelathini na minane. Kwao ni Pangani, mkoani Tanga, alikowaacha wanawe wawili kwa mama yake. Huu ni mwaka wake wa sita katika nyumba hii. Mkataba ulisema kupika, kufua na kumwangalia bibi. Bustani haikutajwa popote.

"Nilikuja kupika nikaishia kupalilia," anasema huku akicheka. "Nikimaliza vyombo, miguu yenyewe inanileta huku."

Bustani ya Oman ilimchukua muda kuielewa. Kwao watu hungoja mvua ndipo wapande. Hapa hungoja joto liondoke. Oktoba inapoingia ndipo majembe hutoka stoo, na mpaka Machi nyumba nzima huishi nje: maua ya petunia, mekundu na meupe, langoni, mawaridi, nyanya, giligilani, na kitalu cha mrehani ambacho Mwanaheri hukichuma majani kwa zamu kisije kikakimbilia kutoa mbegu. Kiangazi kikirudi, vingi hufa. Mwasumini ndio uliokuwa haufi.

Mti huo una hadithi, na Bi Ghaniya huisimulia kwa kila anayekaa kitako. Zamani dada yake alikwenda Unguja kuwatazama majirani wa utotoni. Akaukuta mwasumini wa mama yao bado umesimama mlangoni, akavunja kijiti, akakifunga kwa kitambaa kibichi na kukitia mkobani. Nyumba ile ilikuja kuanguka, ukuta ukaulalia mti. Dada naye ametangulia mbele ya haki. Kilichobaki cha mlango ule ni huu wa Ibra.

Ndiyo maana Bi Ghaniya hakuwahi kuruhusu mtu akate tawi. Mashemeji wa Sur wameomba mpaka wamechoka. "Mti mmoja tu, ukikatwa utashtuka," huwaambia. Maua atakupa mkono mzima, tawi hakupi.

Sasa ilikuwaje?

Novemba, Sikukuu ya Taifa inapokaribia, mitaa ya Ibra huanza kushindana kwa mapambo. Taa nyekundu, nyeupe na kijani hushushwa kutoka darini hadi chini, bendera hupanda juu ya malango, na atakayezembea hutaniwa mpaka mwaka ujao. Hisham, mtoto wa kiume wa Bi Ghaniya, afisa wa serikali, ndiye mkuu wa taa. Mwanaheri ndiye mshika ngazi, na mara nyingi ndiye mpandaji, kwa sababu Hisham akifika ngazi ya tatu huanza kusoma dua.

Mwaka huu Mwanaheri alitaka kutia mkono wake. Kwao, sikukuu haikaribishwi na ukuta mchafu. Idi ikinusa tu, watu hupaka chokaa: kuta, mawe ya njiani, vigogo vya minazi hadi usawa wa kiuno. Akamwomba Hisham mfuko wa chokaa.

Kwa jioni kadhaa alipaka. Mitende ya uani ikavaa soksi nyeupe, mlimau ukafuata, na mawe ya njia kutoka langoni hadi barazani yakang'aa. Bi Ghaniya alitoka na fimbo yake, akasimama, akalia kidogo. "Wallahi umenirejesha kwetu," alimwambia. "Mbele ya nyumba yetu mawe yakipakwa vivi hivi."

Mwanaheri alijiona malkia. Na kila jioni, akimaliza, aliosha ndoo na burashi.

Maji yale aliyamwaga chini ya mwasumini.

Hakufanya hivyo kwa uvivu. Alifanya kwa utii. Somo la kwanza alilopewa na Bi Ghaniya alipofika nchini lilikuwa la maji: hapa hakimwagwi kitu bure. Maji yaliyooshea mchele, maji yaliyosuuza birika, yaliyobaki ndooni, yote mwisho wake ni kwenye shina la mwasumini. Kwa miaka sita alifuata bila kukosa. Maji ya chokaa nayo aliyaona maji.

Desemba majani yakaanza kugeuka manjano. Kila mtu akasema ni baridi. Shatha, mjukuu anayesoma chuo Nizwa, alikuja mwisho wa wiki, akautazama, akauliza kwa Kiswahili chake cha kizazi kipya: "Bibi, hii mti yako inaumwa?"

"Ni shita tu, baridi hii, habibti. Ukipata jua utapona."

Haukupona. Majani yakaanza kudondoka. Asubuhi moja ya Januari Mwanaheri alikuwa akipalilia chini yake, kijembe kikagonga kitu kigumu. Akafukua kwa vidole. Chini ya udongo wa juu kulikuwa na utando mweupe, mkavu kama ukoko wa wali.

"Niliuelewa papo hapo," anasimulia. "Nikakaa pale pale kwenye matope."

Kisha akainuka, akaingia ndani na mikono yake michafu, akamwambia Bi Ghaniya: "Bibi, mti wako nimeuua mimi." Akaeleza yote.

Jioni zote za baridi Bi Ghaniya huwa anakunywa kahawa nje, kiti chake karibu na mwasumini. Siku ile hakutoka. Kesho yake hakutoka. Kiti kikabaki peke yake bustanini, na Mwanaheri kila akipita alikwepa kukitazama.

"Nilifikiri nifungashe virago," anasema. "Si kwamba alinifukuza. Nyumba ilikuwa nzito tu. Nilimpiga mtu mahali ambapo sikujua panauma kiasi kile."

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hisham alimpeleka kwa Marhoun, muuza miche wa kando ya barabara ya Al Kamil. Mzee yule aliponda kiganjani udongo waliomletea, akatikisa kichwa. Udongo wa huku wenyewe tayari una chokaa, alieleza, na wao wameuongezea nyingine. Mizizi imezungukwa na chakula lakini haiwezi kukila. Wautoe udongo wote uliochafuka, watie mpya wenye samadi ya zamani, waupe mti dawa ya madini ya chuma, wakate fito zilizokufa, na wausitiri na ubaridi wa usiku. Utapona? Marhoun alicheka. Mti una hiari yake, alisema.

Udongo ulitoka Samad Ash Shan, kwenye shamba la mitende la mjomba wake Hisham, ukaletwa kwa magunia nyuma ya gari la kazini, jambo ambalo Hisham anaomba lisikuzwe. Mwanaheri akachimba kwa mikono, mzizi kwa mzizi, akiogopa jembe. Kucha zake mbili zilitoka, anasema, na hakuzisikia mpaka jioni.

Ya kusitiri ndiyo iliyoleta vichekesho. Marhoun alishauri kitambaa chepesi. Mwanaheri alikwenda kabatini akachukua kanga zake mbili, tena zile za kutokea, akaufunika mti, akakaza fundo kiunoni. Jirani yao Abeer, naye mwenye asili ya Unguja, alichungulia juu ya ukuta magharibi ile akapiga yowe.

"Bi Ghaniya! Mwaoza bila ya kutualika? Bi harusi gani huyo mmemsimamisha nje na baridi hii?"

Vicheko vikasikika nyumba ya tatu. Na ndani, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, Bi Ghaniya akacheka. Akatoka na fimbo yake. Akausogelea mti, akaushika upindo wa kanga.

"Hizi si zako za harusini?"

"Ndizo, Bibi."

"Utaziharibu."

"Zitafuliwa."

Bi Ghaniya akakaa kwenye kiti chake. Akasema maneno ambayo Mwanaheri anayakumbuka yalivyo: "Nani alokufunza kumwaga maji ya ndoo hapa? Si miye? Basi khalas. Tumeuumiza sote, tutaupoza sote. Nipe kahawa."

Hata hivyo hofu haikumtoka Mwanaheri. Kila asubuhi dirisha lilifunguka, na kila asubuhi jibu lilikuwa lile lile. Februari upande mmoja ulianza kuchipua, majani madogo, kijani cha kweli. Upande wa pili ukakataa kabisa. Na maua hakuna.

Siku ya ishirini na saba ya Ramadhani, Mwanaheri anavua kanga kama kawaida. Kwenye ncha ya tawi la chini, lililojificha ukutani, anaona vitu vyeupe, vidogo, vimefumba. Anavigusa kwa ncha ya kidole ahakikishe si chokaa.

Dirisha linafunguka. "Vipi?"

Mwanaheri anavunja adabu, anaita kwa mkono.

Bi Ghaniya anatoka bila viatu. Macho yake hayaoni tena vitu vidogo, kwa hiyo Mwanaheri anamshika kiganja na kukipeleka kwenye tawi. Bibi anapapasa. Anapapasa tena. Halafu anambusu Mwanaheri kwenye paji la uso, na wote wawili wanalia waziwazi pale kwenye njia ya mawe meupe, mmoja ana kanga begani, mwingine yu miguu mitupu.

Idi imefika, taa za Hisham zimerudi ukutani, na wageni wa Sur na Nizwa wamejaa barazani kwa manukato yao. Asumini ni chache. Miaka mingine Bi Ghaniya hujaza sinia. Leo zimo kwenye kisahani cha kikombe. Kila kikuba kimepata ua moja tu, mengine ni mrehani wa Mwanaheri na vipande vya waridi. Hakuna aliyenung'unika. Mwanamke mmoja wa Sur amelinusa ua lake moja mara nyingi mpaka wenziwe wanamtania kwamba atalimaliza.

Vikuba vikishagawiwa, Bi Ghaniya anaomba mkasi. Watu wanadhani anataka kukata uzi. Anashika fimbo, anatoka bustanini, ukoo mzima nyuma yake. Anapapasa upande wenye majani, anachagua tawi lililokomaa, anakata.

Shemeji mmoja anashika mdomo.

"Ningaligawa mapema nisingalilala na hofu miezi yote hii," anasema Bi Ghaniya. "Mti mmoja si mti. Nyinyi wengine n'takupeni, msinitazame hivyo. Lakini wa mwanzo ni wa huyu." Anamkabidhi Mwanaheri kijiti. "Alouguza ndiye ajuwaye dawa."

Mwanaheri anajua anachotaka kukifanya nacho. Agosti atakwenda likizo Pangani. Mshahara wake wa miaka sita, ukiondoa ada za watoto, umesimamisha nyumba ya vyumba viwili, na kuta zimeshapigwa lipu. Mche ukishika mizizi, atafuata taratibu zote za kusafirisha mimea, na atauotesha mlangoni, upande wa jua la asubuhi. Anataka wanawe wakulie kwenye harufu hiyo.

"Na chokaa?" anauliza Bi Ghaniya, jicho moja limefumba kwa utani.

"Ukutani, Bibi. Na ndoo nitaioshea barabarani."

Jioni, wageni wameshaondoka. Kijiti kimepandwa kwenye mkebe wa maziwa, kiko dirishani mwa jikoni. Mwanaheri amekifunika kwa pindo la kanga. Shatha anamwambia baridi imekwisha, dada, haina haja.

"Najua," anasema Mwanaheri, na anakaza fundo.