Huku Juu Hatuna Mtu

Ramani nilizoziunganisha kwa selotepu zilifunika zulia lote la sebule yetu ya Lewisham, na mama akawa anapita pembeni, akibana nguo zake, kama mtu anayeogopa kukatiza mbele ya wanaosali.

Nilikuwa nimepita miaka thelathini, karani katika ofisi moja ya Croydon, na nilikuwa nimeazimia kwenda kwa baiskeli kutoka mlangoni kwetu mpaka ncha ya kaskazini ya Uskoti, pale ardhi inapokwisha. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, simu za mkononi bado hazijajua kumwongoza mtu njia. Sababu yangu ilikuwa udadisi mtupu. Nimeishi nchi hii tangu sijui kutembea, lakini niliijua vipande vipande tu: nyumbani, kazini, na Wembley siku za harusi. Nilitaka kujua lafudhi inabadilikia wapi hasa. Je, kuna kijiji ambacho nyumba hii wanasema hivi na nyumba ya pili wanasema vile? Hakuna aliyeweza kunijibu, na wengi waliniona nina wazimu kuuliza.

Nikirudi kutoka kazini nilipiga magoti juu ya ramani. Nilijifunza kwamba vile vistari vya kahawia vikiachana, nchi imelala. Vikisongamana, ujitayarishe kushuka ukokote baiskeli. Nilipima mizigo yangu kwenye mizani ya unga: hema, tyubu za akiba, pampu, kanga moja ya kusalia. Mafundi wa vitabuni walijua kila kitu kuhusu gia, ila hakuna aliyesema neno juu ya kuendesha na hijabu kwenye upepo.

Mama alikuwa na swali moja. "Unafikia kwa nani?"

"Nina hema, mama."

"Hema si mtu. Annual leave yote unaimalizia kulala majanini?"

Kwetu safari huanza na mwenyeji, njia hufuata baadaye. Na ukipita mji wenye ndugu bila kubisha hodi, utasemwa kwenye kila harusi mpaka uzeeke. Mimi nina ulimi mkali, lakini kuondoka bila radhi ya mama ni jambo ambalo sikuwahi hata kulifikiria. Yeye alilijua hilo vizuri, akakamata simu.

Northampton tulikuwa na binamu yake. Coventry, shoga yake wa skuli. Manchester kulikuwa na mtu aliyewahi kuwa jirani wa shangazi yangu, na kwa mama huo ulikuwa udugu wa kutosha. Kila akipata mtu, aliweka kifungo cha nguo juu ya mji. Njia yangu iliyonyooka ikaanza kwenda mrama. Nilikasirika. Nilitaka kuonja ugeni hasa, nipite mahali ambapo hakuna anayejua mimi ni mtoto wa nani, na yeye ananipangia ziara ya biriani.

Glasgow alimpata mwanafunzi, mtoto wa mpwa wake. Baada ya hapo simu zikakauka. Akaitazama ile sehemu ya juu, yote kahawia.

"Huku juu hatuna mtu," alisema.

"Ndiyo maana napataka," nikajibu, kwa ukali kuliko nilivyokusudia.

Nilidhani atanuna. Badala yake alivaa miwani, akakaa chini zuliani. "Vyote hivi milima?"

"Vyote."

"Na jua lao?"

Nikamwambia kiangazi linatua baada ya saa nne usiku, na kiza chenyewe hakiingii sawasawa.

"Sasa Isha wanasali saa ngapi?"

"Sijui, mama. Sijui hata kama yupo anayesali."

Alicheka kidogo. Akauliza barabara inaishia wapi, nikamwonyesha kimji kando ya bahari. Akauliza kama treni inafika. Inafika, nikasema, na sikufikiria zaidi.

Kesho yake, tukila, akaniita.

"Labeka, mama."

"Mimi nitatangulia. Nitapanda treni, nikodi chumba huko mwisho, nikungoje."

Nilisahau adabu. "Mama! Hujapanda treni peke yako hata kwenda Brighton! Mimi nataka kwenda peke yangu!"

"Nenda peke yako. Milima yote hiyo ni yako, sikuingilii. Mimi nasema kufika." Akasukuma sahani. "Siku tuliyoingia nchi hii wewe ulikuwa umelala begani kwangu. Kila aliyetoka kwenye ndege ile alikuwa na mtu wa kumpungia mkono. Mimi nikawa naangalia uso mmoja mmoja, najifanya namtafuta mtu wangu, ili watu wasijue kama sina. Mpaka ukumbi ukabaki mtupu. Mwanangu hatafika pahala akatazama nyuso hivyo."

Miaka yote hiyo hakuwahi kunihadithia. Hasira yote iliniishia, nikairudisha sahani yake mbele yake.

"Lakini siku ya kufika sijui, mama," nikasema. "Upepo ukiwa wa mbele, nitachelewa."

"Nitasimama barabarani kila siku mpaka nikuone. Radhi unayo, mwanangu."