Siku Nilipokiri Ukweni Kuwa Masanja Ni Mimi

Jamani, hili nalisimulia nikiwa nimeinamisha uso, maana ukweni Tinde hadi leo shemeji zangu wananiita Masanja, na Masanja si jina langu.

Mimi ni fundi wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, naishi Nyasubi, umri umesogea, na kwa miezi kadhaa mkojo ulikuwa unatoka kwa kubembelezwa, ila hospitali siendi, naogopa kile kipimo cha kidole (wanaume mnakijua). Ndipo nikasikia kuna watafiti wanachukua damu tu, wanaangalia zile chembe nyeupe zinazolinda mwili, kwamba zikishakutana na saratani ya tezi dume huwa zinaishtukia, na kwenye kipimo inaonekana. Nikaenda kimyakimya, kwa aibu nikaandikisha jina la uongo, Masanja, halafu namba ya simu nikataja ya mke wangu, maana yangu sijawahi kuishika kichwani.

Baada ya wiki mbili simu yake ikaita, kumbe ni nesi wa wale watafiti: "Tunamtafuta Masanja, aje haraka." Mama Nyamizi, mke wangu, akasema hamjui. Wakapiga tena, safari hii akapokea kaka yake, na yule nesi (anatunza siri ya mgonjwa, masikini) akakataa kusema anamtakia nini. Jumapili tukaitwa Tinde.

Baba mkwe akamuuliza binti yake mbele ya wote, "Mwanangu, huyu Masanja ni nani kwako?"

Mke wangu akalia, akaapa hana mwanaume wa nje, na mimi nimeshika kikombe cha chai nasubiri jambo lipite lenyewe. Alipojifuta machozi kwa kanga nikashindwa. "Baba, Masanja ni mimi." Nikaeleza yote, mkojo, damu, kidole, mbele ya mama mkwe, jamani!

Hakuna aliyecheka. Mke wangu akanigeukia. "Yaani unaumwa, na mimi hunambii?"

"Kesho mnakwenda hospitali wote wawili," mzee akasema.

Daktari akatuambia kipimo kile cha damu bado kinafanyiwa utafiti, hakitoshi peke yake, kwa hiyo nikapimwa vyote, kidole kikiwemo (hata dakika haikuisha), mpaka kinyama cha tezi kikakatwa kwenda kupimwa. Saratani ilikuwepo, ndogo, haijatoka nje ya tezi. Natibiwa, naendelea vizuri.

Nimeapa sitamficha tena Mama Nyamizi ugonjwa, hata mafua. Jana nilipiga chafya moja tu, nikamwona tayari anavaa viatu.