Nyama ya Dulcie

Elva Coombes hakumwamini mtu aliyejua mengi mno. Ndiyo maana Lyndon aliposhuka garini, kofia imechomekwa unyoya wa emu, yule ndege mkubwa kama mbuni, akajitambulisha kuwa mtoto wa Dulcie, Elva hakumpa hata kiti.

"Shangazi, naomba unionyeshe kaburi la mama."

"Dada wa mama si shangazi. Kwetu ni mama. Hukufundishwa?"

Dulcie alikuwa mdogo wake. Enzi zile watu wa serikali walipokuwa wakizoa watoto weusi wakalelewe na Wazungu, Dulcie akiwa amelazwa hospitali, mumewe Wally, mkata manyoya ya kondoo, alimpakia mtoto wao kwenye lori akatokomea. Dulcie alingoja mpaka akafa. Akazikwa ng'ambo ya mto, mahali ambapo Elva hamwonyeshi mgeni. Alishawahi kuja mwingine, naye na machozi yake, akanywa chai, akapiga picha. Muda si mrefu nyayo za emu walizochora akina mama pale zikaonekana kwenye mataulo madukani.

Kwa hiyo kesho yake Elva alimwambia mumewe, Clarrie, afukie paja la emu kwenye majivu. Kwa watu wao, mtoto hurithi nyama ya mama yake, yaani mnyama ambaye ni ndugu yake na hamli. Elva na Dulcie ni emu. Clarrie ni kenge, kwa hiyo yeye humtafuna emu mpaka mfupa.

"Ulitaka nile nani," husema, "kenge mwenzangu?"

Elva akamsogezea Lyndon sahani. "Kula, mwanangu, isipoe."

Lyndon aliitazama, akairudisha. "Hii sili."

Moyo wa Elva uliruka, kisha ukajikunja tena. "Nani kakwambia? Vitabuni?"

"Baba."

"Wally alikuwa kenge. Alikula emu."

"Alimla mbele yangu! Tuko njiani, nalia njaa, ananipa mkate mkavu. Nikamwona mchoyo. Siku moja nikamwambia, mimi mwanao, nataka unachokula wewe. Akasema, kwa hilo wewe si wangu, ni wa mama yako."

Elva aliitazama ile sahani. Mwongo angejidai kurithi kwa baba, akala. Ndivyo walivyodhani watu wa mjini.

"Na huo unyoya?"

"Nimenunua kituo cha mafuta," Lyndon alisema, akitazama chini. "Nilitaka mnitambue."

Clarrie alicheka mpaka akapaliwa. "Kituo cha mafuta! Elva, huyu ni wa Wally kabisa, hana akili!"

Elva hakucheka. Dume la emu ndilo huatamia mayai na kutembeza vifaranga. Alilijua hilo tangu utotoni. Lakini miaka yote hiyo yeye alimwita Wally mwizi.

"Kwa nini hakukurudisha?"

"Kila tulipogeuza lori kuja huku, alikuta watu wa serikali wanatuulizia barabarani. Baadaye akaona aibu."

Huenda ni kweli. Huenda pia ameipanga vizuri. Elva akamsukumia Clarrie ile sahani, akachukua fimbo yake.

"Kofia iache hapa. Na simu."

Lyndon akaviweka mezani.

"Haya, tangulia mtoni."

"Njia siijui, mama."

"Nitakuelekeza. Wewe kaa mbele, nikuone."